Mistari Mitatu

Fomu imeletwa na pikipiki ya muuza makala
kutoka ofisi ya distrikti, Lubumbashi.
"Historia ya jengo," imeandikwa, na chini yake
mistari mitatu, mifupi kama nyusi.

Mwaka wa kujengwa.
Ubao juu ya mlango unasema elfu moja mia tisa thelathini na...
tarakimu ya mwisho imeliwa na mchwa.
Mama Chilufya anasema ni mwaka ule kodi ilipopanda
na wanaume wakalala porini wakimkwepa karani.
Kyungu anabisha: kodi ilipanda kila mwaka.

Matofali yalitoka kwenye kichuguu.
Shimo lake lipo hadi leo, mbuzi hunywa humo wakati wa mvua.
Kilikuwa kirefu kuliko nyumba ya kapita,
na aliyekibomoa ni Ngosa Kalenga,
aliyerudi kutoka mgodini na vitu viwili,
sururu na kikohozi.
Alipiga, akakohoa, akapiga.
Wanawake walipandisha maji kutoka Kafubu,
wakakanyaga udongo kwa miguu
kama wanaocheza ngoma waliyokatazwa.
Tanuru liliwaka siku tisa.
Ibada ya kwanza mle ndani ilikuwa ya kumzika yeye,
kuta zikifika kifuani, paa likiwa mawingu,
na mvua ikanyesha bila kungoja amina.

Mmisionari alikuja mara moja, akapiga picha.
Vioo vya madirisha vililetwa kutoka kwao mbali,
zawadi ya mjane mmoja mwenye jina refu.
Lori lilipita kwenye madaraja ya magogo:
vioo vikafika unga, jina likafika zima.
Hakuna aliyeweza kulitamka.
Hadi leo mvua ikiingia ibadani
tunasema imepita kwa Mjane.

Nyasi za paa ziliungua mara mbili.
Mabati tulinunua kwa viwavi.
Andika hivyo, katibu, usione haya:
Mama Mwape Felisita na wenzake
walikausha viwavi misimu mitatu,
wakavipeleka soko la Kenya kule mjini,
kopo kwa kopo, hadi mabati arobaini na nane.
La arobaini na tisa lilikuja limetoboka;
liko kwenye banda la kuku la mchungaji.
Kengele ni kipande cha reli.
Aliyekileta aliimba besi, hakuulizwa.

Kisha vita. Wanajeshi walilala humu wiki mbili,
wakapikia bukari kwa mabenchi,
benchi baada ya benchi, wakianzia mbele,
pale ambapo watu hawapendi kukaa.
La mwisho hawakuligusa:
mama yangu alikuwa juu yake, akinizaa.
Husimuliwa kwamba mmoja wao alitoka nje
ameshika viatu mkononi asije akapiga kelele.
Jina lake halimo popote.
Mimi waliniita Benchi hadi nilipooa.

Sasa mchwa wamerudi.
Wamepanda ukutani kwa vijia vyao vya udongo,
wamemaliza fremu ya mlango,
wamefika kwenye vitabu vya nyimbo
na wanakula kuanzia namba themanini.
Fundi anataka dawa.
Mimi usiku huwasikia wakitafuna, nikafikiri:
udongo huu ulikuwa nyumba yao,
tuliingia bila hodi, tukaubomoa,
tukauchoma, tukaupanga upya kwa pembe nne.
Huenda wanaulizia tu.

Hali ya jengo: nzuri, wastani, mbaya. Weka alama.

Muuza makala anapiga honi.
Nimeandika "Ngosa Kalenga, na kikohozi chake,"
na mstari wa kwanza umejaa.
Nageuza karatasi. Nyuma ni nyeupe.
Mwambieni anywe maji kwanza.